Vitufe Nilivyombonyezea Baba

Diploma yangu niliipata nikiwa na miaka thelathini na nne, na sijawahi kuona haya kuitaja. Wapo waliolipiwa ada na wajomba zao. Mimi niliipata Maskati, mchana nikipakua makasha ya vipuri vya magari kwenye ghala, jioni nikikaa darasani na vijana niliowazidi miaka kumi, viatu vyangu vikiwa bado vina grisi. Niliondoka Mbagala na begi moja lenye zipu mbovu. Leo nina nyumba Tegeta, sakafu vigae, na duka la kutengeneza kompyuta ambalo watu huvuka maduka mengine mawili ili walifikie. Nayasema haya mapema kwa makusudi. Aliyeyafanya nitakayoyasimulia hakuwa mtu asiyejua kazi. Ningekuwa siijui kazi, pengine baba angekuwa anakula barazani na wenzake mpaka leo.

Ghala lile la Maskati lilikuwa na kompyuta ya zamani, haina kipanya, haina picha. Ukiiwasha unakuta skrini nyeusi na kistari kinachopepesa, kinangoja uandike amri. Wenzangu waliidharau. Mimi niliipenda kwa sababu haina mambo mengi: ukiiamuru sawasawa inatii, ukikosea inakuambia umekosea. Kila Alhamisi ilibidi mmoja wetu abaki nyuma kuandika amri zilezile, kwa mpangilio uleule, ili orodha ya vipuri ichapwe. Nikajifunza kuiamuru ijibonyeze yenyewe. Niliandika programu ndogo inayokaa kimya ndani ya mashine ikitazama saa. Wakati ukifika, inabonyeza vitufe badala ya mtu, kimoja baada ya kingine, na mashine haijui kama hakuna vidole. Msimamizi wetu alikuja asubuhi akakuta orodha imechapwa na viti vyote vitupu. Akaniita ofisini kwake akanipa mkono. Mkono ule niliutangaza mpaka kwenye simu za nyumbani.

Kiharusi kilimpata baba katika mwaka wangu wa nane wa ugenini. Kilimchukua upande wa kulia. Mguu ulirudi, akawa anatembea na fimbo, lakini mkono ulibaki umefumba kama wa mtoto mchanga. Dada yangu mkubwa, ambaye ndiye aliyekuwa naye nyumbani, aliniambia kwenye simu kwamba dawa nilizotuma zimefika na mzee anaendelea vizuri. Mimi nilituma na mashine ya kukandia misuli, ya umeme, ya bei. Niliona nimetimiza wajibu.

Nyumba ya baba iko Mbagala, upande wa kuelekea Chamazi, na ina baraza pana ya saruji. Kila Idi, watu wakitoka kuswali, wazee watano wa mtaa walikuwa wanakaa kwenye baraza ile na kula sinia moja. Sinia lilitoka kwetu kwa sababu baba ndiye mkubwa wao. Walikuwa wameanza kula pamoja kabla mimi sijazaliwa. Baada ya kiharusi baba aliacha. Kwetu mkono wa kushoto una kazi zake, na kula si mojawapo. Shehe alimwambia kwamba mgonjwa ana ruhusa, hakuna ubaya wowote. Baba akamjibu kwamba ruhusa anaijua, ila haoni sababu ya wenzake kumwangalia. Akawa anakula chumbani kwake, peke yake, kijiko mkono wa kushoto, mlango umerudishwa.

Niliporudi, wiki ya kwanza tu, aliniita nikakaa karibu yake kitandani.

"Idi hii nakula nje," aliniambia.

"Inshallah, baba."

"Siyo inshallah ya kuitikia. Tazama."

Akaunyanyua mkono wa kulia. Kidole gumba kikaenda polepole, kikatetemeka, kikakigusa kidole cha shahada. Kisha kikakitafuta cha kati, kikakikosa kidogo.

"Bado hiki," alisema, akikionyesha kidole cha kati kwa mkono mzima. "Hiki kikija, tonge linashikika. Wali siwezi kuushika kwa viwili."

Nilimwambia amekuwa shujaa. Nikamuuliza kama ile mashine ya kukandia anaitumia. Akasema anaitumia. Baadaye nilikuja kuikuta juu ya kabati, ndani ya boksi lake.

Sasa nieleze kompyuta ya baba. Alikuwa karani wa ghala la korosho kwa miaka mingi, na ofisi yake ilipoamua kutupa kompyuta za zamani, aliomba moja akapewa pamoja na printa yake, ile inayopiga kelele na kutumia karatasi zenye matundu pembeni. Ilikuwa ndugu wa ile ya Maskati: skrini nyeusi, kistari kinapepesa. Rangi yake ilikuwa imegeuka manjano kama meno ya mvuta tumbaku. Iliwekwa sebuleni, chini ya dirisha la barabarani. Baba alikuwa katibu wa kisima cha mtaa, na kisima hakikuweza kusukuma maji kwenye nyumba zote kwa siku moja, kwa hiyo kulikuwa na zamu. Kila asubuhi baba aliandika orodha ya nyumba za siku ile, akaichapa, ikabandikwa getini. Hakuandika majina ya watu. Aliandika NYUMBA YA FUNDI CHEREHANI, NYUMBA YENYE MUEMBE ULIOKATWA, KWA MAMA WA MAANDAZI, na kila mtu alijijua.

Orodha yenyewe ilikuwa mistari kumi na miwili. Nilimpima kwa saa ya simu yangu: dakika sabini na tano.

Aliandika kwa mkono wa kulia peke yake. Ule wa kushoto, mzima, aliukalia. Aliuweka chini ya paja kabisa, akauegemea, kisha akaanza kutafuta herufi kwa vidole vyake viwili na nusu. Kidole kikiteleza alifuta, akaanza tena. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Niliona kwamba ameukalia mkono wake mzima. Niliona kwa macho yangu, asubuhi nyingi, na nikadhani ni ubishi wa uzee.

Nje ya dirisha watu walikuwa wanasubiri na ndoo, kwa sababu bila orodha mfunguaji wa koki hafungui. Wa kwanza siku zote alikuwa yule mzee fundi cherehani, mmoja wa wale wa sinia, mtani wake baba tangu ujana.

"Mzee, hiyo ni zamu ya maji au barua ya posa?" aliuliza dirishani. "Ndoo zetu zinaota kutu huku."

"Ndoo yako ya plastiki," baba alimjibu bila kugeuka. "Itaota kutu wapi?"

"Basi nitaota mie. Mwarabu upo humo ndani?" Mwarabu ndiye mimi, waliniita hivyo tangu niliporudi. "Njoo umsaidie baba yako, anatuua na kiu!"

Watu wakacheka. Baba naye alicheka, akaendelea kutafuta herufi. Mimi ndiye ambaye sikucheka. Nilisikia aibu ikinipanda mpaka masikioni. Mtaa mzima unajua mimi ni mtaalamu, nimerudi na cheti kilichowekwa kwenye fremu, halafu baba yangu mgonjwa anatoka jasho mbele ya kompyuta na mimi nimesimama nyuma yake na kikombe cha chai. Kwetu mtoto aliyefanikiwa hujulikana kwa jambo moja: wazazi wake hawanyanyui kitu. Hawabebi, hawafagii, hawaendi dukani. Nilitaka watu wapite pale waseme, yule mzee kapumzishwa.

"Baba," nilimwambia hapohapo, watu wakiwa bado dirishani, "hii kazi naweza kukupumzisha moja kwa moja."

Vidole vyake vikasimama juu ya kibodi. "Inawezekana?"

"Kwangu mie hii kazi ndogo. Mashine itajiwasha, itaandika, itachapa. Wewe utakuwa umelala."

Dada alikuwa mlangoni na ufagio. "Lakini baba—" alianza.

"Mwache," baba alisema. Kisha akageukia dirishani, kwa sauti ya kusikika barabarani: "Mmesikia? Mwanangu ananipumzisha."

Mtani wake akapiga makofi kwenye mbao za dirisha.

Kazi niliifanya vizuri. Lazima niseme hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Betri ya ndani ya mashine ilikuwa imekufa zamani, na kwa sababu hiyo kila asubuhi ilimuuliza baba tarehe na saa, naye akaandika. Nikaweka betri mpya, ikaacha kuuliza. Zamu za maji zilijirudia kila siku nne, kwa hiyo niliandika orodha nne na kuifundisha mashine kuhesabu siku. Nikaweka amri zangu kwenye lile faili ambalo mashine hulisoma kabla ya lolote inapoamka. Nikanunua Kariakoo saa ya kuchomeka ukutani, inayoruhusu umeme kupita kwa wakati uliopanga. Saa kumi na mbili kamili asubuhi umeme unapita, mashine na printa zinaamka, ile programu ndogo inabonyeza vitufe, karatasi inatoka.

Nilipokuwa nasubiri vifaa, nilimwomba baba aandike kama kawaida na nikaiwasha programu inakili anavyobonyeza. Nilifanya hivyo Ijumaa tatu. Programu ile hainakili herufi tu, inanakili na muda wa katikati, kwa hiyo nilipoirudisha, yaani nilipoiamuru irudie aliyobonyeza, iliandika kwa mwendo uleule wa baba, herufi, kimya, herufi, kimya, na kufuta kwake kote. Nilicheka. Nikaandika upya kwa vidole vyangu, nikaondoa vituo vyote. Orodha nzima ikajaa skrini kabla hujapepesa jicho.

Siku ya kwanza niliwaita wazee wote wanne waje waone. Wakaja na kanzu zao za asubuhi, wakajipanga sebuleni wamesimama. Saa ya ukutani ikalia tik, taa ya kijani ikawaka, skrini ikajaa, na printa ikaanza kupiga kelele. Hakuna aliyegusa kitu. Mzee mmoja akasema mashallah. Mtani akaichana karatasi, akaisogeza mbali na macho yake aisome, akakuta hakuna kosa hata moja.

"Sasa wewe mzee," akamwambia baba, "kazi yako itakuwa nini?"

"Kazi yangu niliimaliza zamani," baba akajibu. "Nilizaa."

Walicheka mpaka mmoja akalazimika kukaa. Sijawahi kufurahi hivyo, si Maskati, si siku ya cheti.

Kesho yake nilimkuta baba amekaa kwenye kiti chake mbele ya mashine, ameshaoga, saa kumi na mbili kasorobo. Mkono wa kulia ulikuwa juu ya kibodi.

"Usiguse, baba," nilimwambia. "Ukibonyeza chochote inapofanya kazi utaivuruga."

Akauondoa mkono. Ili kusiwe na mtu wa kuivuruga, niliichukua kibodi nikaiweka juu ya kabati, waya wake ukiwa bado umechomekwa kwa nyuma, kwa kuwa mashine zile zisipoona kibodi zinagoma kuwaka. Nikaifunika na kitambaa ili isipate vumbi.

Mwezi wa Shaabani nyumba yangu ya Tegeta ikakamilika, nikahamia. Tegeta na Mbagala ni ncha mbili za Dar es Salaam, na foleni ya Barabara ya Bagamoyo kila mtu anaijua. Duka lilikuwa linaanza, wateja wanakuja, sikuweza kwenda mara kwa mara. Lakini kila asubuhi nilipiga simu.

"Shikamoo, baba. Imechapa?"

"Marahaba. Imechapa."

"Haijakosea?"

"Haijakosea. Watu wanakusifu sana huku."

Nikakata simu nimeridhika. Ramadhani ikaingia, ikaisha. Kila siku niliulizia mashine.

Siku ya Idi niliwahi. Nilikuwa nimemnunulia baba kanzu mpya na kofia. Tulitoka kuswali, wazee wakaja barazani, wakavua viatu, mkeka ukatandikwa. Baba akatoka na fimbo yake. Aliposhuka kuketi mahali pake, pale karibu na nguzo, wenzake wote wanne wakaanza kuongea kwa pamoja, wakimkaribisha kama mtu aliyetoka safari. Dada akaleta birika na beseni kuwanawisha. Alipofika kwa baba, nilimwona anaweka birika chini. Akakishika kile kiganja kwa mikono yake miwili na kukifungua kidole kimoja kimoja, akamwaga maji haraka, na alipokiachia kikajifumba.

Sinia likaja. Baba akapeleka mkono. Ulifika kwenye wali ukiwa ngumi. Alisukuma, punje zikaenda pembeni. Akajaribu kukichomoa kidole gumba, nacho kikabaki ndani ya ngumi, hakikutoka. Akajaribu mara ya pili. Mara ya tatu wali ulimwagika kwenye mkeka, mbele ya goti la mtani wake.

Mtani yule, ambaye kwa miaka yote hakuwahi kuacha jambo lipite bila kulitania, aliinamia sinia akaanza kusimulia kwa sauti kubwa habari za mbuzi wa jirani aliyeingia msikitini. Wenzake wakamuuliza maswali kuhusu mbuzi. Hakuna aliyetazama mkeka.

"Nimesahau dawa yangu," baba alisema.

Akanyanyuka, nikamsaidia, akaingia ndani. Dawa alikuwa ameshameza asubuhi, nilimwona. Hakutoka tena.

Nilimfuata dada jikoni, uani. Alikuwa anakoroga kitu ambacho kilishaiva.

"Mkono umekuwaje?" nilimuuliza. "Si ulikuwa unafunguka?"

"Ulikuwa unafunguka."

"Sasa?"

Akaacha kukoroga. "Mdogo wangu, wewe una diploma. Nani alikuwa anaufungua?"

Akanieleza, na hakupandisha sauti hata mara moja, ingekuwa nafuu kama angepandisha. Hospitali mtaalamu wa mazoezi alimpa baba mpira wa kubinya, na baada ya wiki mbili akaona hauleti kitu, kwa sababu baba aliuchoka. Akawaambia: mtafutieni kazi anayoipenda, yenye watu wanaomsubiri, na mkono mzima aufungie usimsaidie. Baba mwenyewe ndiye aliyetaja kompyuta. Siku ya kwanza aliandika orodha kwa kidole kimoja kwa saa tatu, na watu wa mtaa walipewa habari, wakakubali kusubiri. Ule utani wa dirishani, wa posa na ndoo zenye kutu, ulikuwa wa makusudi. Walikuwa wanamchangamsha asikate tamaa.

"Mbona hamkuniambia?"

"Nilifungua mdomo, akanifunga. Hukumsikia? Baadaye nikamuuliza. Akasema, mtoto kakaa ugenini miaka tisa, karudi anatafuta cha kunifanyia. Nimkatalie mbele za watu?"

"Ungempa hata karatasi na kalamu, dada. Angeandika barua. Chochote."

"Nilimpa. Niliishusha na hiyo kibodi yako mchana, mashine imezimwa, ili abonyeze tu. Kafanya siku mbili." Alifunika sufuria. "Akaniuliza, hii inasomwa na nani?"

Sikurudi barazani. Nilikwenda sebuleni nikaishusha kibodi, nikaipangusa vumbi, nikaiwasha mashine. Yale mafaili ya Ijumaa tatu nilikuwa sijayafuta. Nikalirudisha la kwanza.

Skrini ilikuwa nyeusi. Ikatokea Z. Nikahesabu mpaka tisa, ikatokea A. Ikatokea N, ikafutika, kimya kirefu, ikatokea M. Nilikaa kwenye kiti chake nikitazama neno ZAMU likiandikwa na mkono ambao wakati ule ulikuwa unaandika, na sasa hauandiki. Nikarudisha faili la pili. Kati ya herufi na herufi nilihesabu saba, mara nyingine sita. La tatu, tano, na mahali pamoja, kwenye neno MAJI, herufi mbili zilifuatana upesi kama za mkono mzima. Nilikuwa na ushahidi wa mkono unaopona, umehifadhiwa kwa ustadi ndani ya mashine, na niliutumia kuchekea.

Nikaifuta programu yangu yote. Niliitoa na ile saa ya ukutani. Kesho yake asubuhi nikaenda chumbani kwa baba.

"Baba, ile mashine imeharibika. Itabidi uandike mwenyewe kwa sasa."

Akanitazama. "Imeharibika, au umeambiwa?"

"Nimeambiwa."

"Basi sema hivyo." Akachukua fimbo yake. "Nikokotee kiti."

Nilifunga duka Tegeta nikarudi kulala Mbagala. Idi ya kuchinja ilikuwa mbele yetu kwa zaidi ya miezi miwili, na nilijiambia miezi miwili inatosha, mimi nimetoka mbali kuliko hapo. Kila asubuhi dada alimfungua vidole kwa maji ya moto na mafuta ya nazi, mimi nikamketisha mbele ya kibodi, akaukalia mkono wa kushoto. Kidole cha shahada kilitoka kidogo, kikabonyeza vitufe viwili kwa pamoja. Orodha ilitoka saa nne, siku nyingine adhuhuri. Yule mtaalamu wa hospitali aliushika mkono, akaukunja, akaukunjua, akasema misuli imekaza, wakati ule wa mwanzo ndio uliokuwa wakati wake wa kupona. Aliniuliza kwa nini tuliacha. Nilimwambia nilisafiri.

Dirishani watu walisubiri, lakini sasa walisubiri kimya. Mama wa maandazi alipitwa na zamu yake siku mbili, akanunua maji kwa mkokoteni na hakusema neno. Na mtani wake baba, asubuhi moja, alichungulia dirishani akasema kwa upole, "Taratibu tu, mzee wangu. Hatuna haraka."

Baba aliacha kuandika. Alikaa hivyo mpaka mtani alipoondoka.

"Irudishe," aliniambia.

"Baba, bado tuna wiki tatu."

"Watu wanataka maji. Irudishe ile yako."

"Mkono je?"

"Mkono ni wangu. Kisima si changu."

Programu nilikuwa nimeifuta, sikubakiza nakala. Niliiandika upya yote kwa kichwa, nimekaa kwenye kiti chake, na sikusahau hata mstari mmoja. Ilipokuwa tayari alikuja akasimama nyuma yangu, akaniambia ninaandika upesi sana. Alisema kwa fahari.

Idi ya kuchinja ilipofika, tulitoka kuswali, nikamsindikiza mpaka chumbani. Nilikuwa nimeshapanga kwamba nitakula naye mle ndani. Nilimwambia dada atuletee sahani mbili. Wazee walikuwa wameshaanza kukohoa barazani na kuvua viatu.

"Nenda kakae pale pangu," baba aliniambia.

"Mie nakula na wewe humu, baba."

"Sikukuuliza utakula wapi. Sinia linatoka nyumba hii. Haliwezi kutoka bila mtu wa nyumba hii."

"Wale ni wazee. Mie mtoto."

"Nimewaambia." Alikuwa amekaa kitandani, amevaa ile kanzu. "Rudisha mlango ukitoka."

Nilitoka. Wale wanne walikuwa wameshaketi, na karibu na nguzo palikuwa wazi. Niliwaamkia, nikanawa, nikaketi nimekunja magoti kama mwanafunzi wa madrasa. Hakuna aliyeniita Mwarabu. Wakasema bismillahi, wakaanza kula, mimi mkono wangu umekwama kwenye ukingo wa sinia. Mtani alikuwa upande wangu wa kulia. Alitafuta ndani ya wali, akapata mfupa wenye nyama nene, akausukuma taratibu mpaka mbele yangu.

"Huu huwa wake," alisema. "Kula, asije akatuuliza umekula nini."

Nikakusanya tonge. Vidole vyote vitano vilikuja. Nikala.